Nilimwombea Mume Wangu Upweke

Mlioniacha juma lililopita jikoni kwangu Laeken, hapa Brussels, simu mkononi na sufuria ya chai motoni, jueni kwamba chai ilikauka na sufuria ikaungua. Sikunusa hata moshi. Nilikuwa naitazama picha.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Kahambu, mzaliwa wa Butembo. Kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee. Mume wangu Modeste, fundi wa mabasi aliyeachishwa kazi na maumivu ya mgongo, alitangulia Brazili, kwenye mji mdogo wa pwani ambako rafiki yake Crispin alihamia na kufungua duka la mikate. Tulikubaliana. Yeye atafute nyumba, mimi nimalize kozi ya jioni ya Kireno, kisha nimfuate.

Na picha ilikuwa hii. Sikukuu ya kanisa huko. Modeste amevaa shati la kitenge nililomnunulia mimi kwenye maduka ya Chaussée de Wavre. Ubavuni mwake mwanamke mrefu, anacheka meno yote, na gauni lake limeshonwa kwa kitenge kile kile.

Kwetu, mwanamume na mwanamke wakishona kutoka pande moja la kitenge, hakuna wa kuwauliza swali. Ni bwana na bibi. Hata mtoto anajua.

Nami nilikuwa nimempa pande zima. "Shona shati," nilimwambia, "kitakachobaki niwekee. Nikifika nitashona gauni, tuingie nayo kanisani Jumapili ya kwanza."

Nikampigia.

"Mama Noé!" Noé ni mtoto wetu wa kwanza, amekwisha kuoa na anakaa Liège. "Sema kwa nguvu, siko nasikia muzuri. Tuko kwa répétition."

"Répétition ya nini?"

"Ya chorale."

Ndugu zangu, mazoezi ya kwaya! Nilikaa chini. Huyu ni Modeste aliyekuwa ananipeleka misa kwa gari, mimi naingia, yeye anabaki nje na mpira wa redioni. Nikitoka ananiuliza, "Mumeshinda?" Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake.

"Weye? Ndani ya chorale?"

"Naimba basse, ile sauti ya chini. Wanasema niko na sauti."

Nyuma yake watu wakacheka, kicheko cha watu waliozoeana.

"Modeste, ule mwanamuke wa kwenye picha ni nani?"

"Nani? Ah. Zenaide. Ni dada wa kanisa."

"Na robe yake, ile ya kitenge?"

Nikamsikia akisogea mbali na wenzake.

"Bon," akasema. "Kitambaa kilibakia."

"Kilibakia? Modeste, ile kitambaa haikubakia. Ilikuwa inaningojea!"

"Nitakuelezea, mais si sasa. Batu banangoja."

Batu banangoja. Na mimi niliyekuwa namngoja huku, sikuwa katika hesabu ya watu.

Nitasema ukweli mbele ya Mungu anayesoma mioyo kabla ya magazeti. Mwanamke yule alinichoma, lakini hakunichoma peke yake. Kilichonichoma zaidi ni kicheko kile cha watu nyuma yake.

Hapa Brussels tulipanda ngazi zile zile na majirani wale wale miaka mingi, na jirani wa juu tulimjua kwa kikohozi chake tu. Alipokufa, tulijua kwa sababu kikohozi kilikoma. Kule, Modeste hajamaliza hata mwaka, na tayari ana watu. Jumatano wageni wote wa mji wanakutana dukani kwa Crispin: Mjerumani mstaafu, mjane wa Kiholanzi, na mume wangu, na wenyeji wanakaa nao kuwafundisha kuongea. Jumamosi anatengeneza basi la kanisa, halafu wanakula pamoja. Wanapika kwa mawese! Mafuta mekundu kama ya kwetu, na unga wa muhogo juu ya meza. Alinisimulia hayo yote kwa furaha, na kila alichosimulia kilikuwa sindano.

Nilimtuma akatafute nyumba, naye akapata ukoo.

Mimi huku nilikuwa nakariri Kireno ndani ya tramu, midomo ikitikisika, abiria wakidhani nina wazimu au nasali rozari.

Ijumaa nikaenda kwenye maombi.

Kikundi chetu kinaomba kwa Maman Mauwa, Koekelberg, katika salon, sebule yake, ambayo dirishani unaiona basilika. Mauwa ni mtu wa Lubumbashi, anatuongoza. Katikati ya meza anaweka simu yake, sauti wazi, kwa sababu wenzetu wengine wako Namur, wengine Lille, na wanaomba nasi kwa mbali. Hakuna anayetazama nani ameingia kwenye simu. Mungu ndiye anayehesabu.

Desturi yetu ni kila mmoja kutaja jambo lake kwanza, halafu tunasimama.

"Maman Kahambu, sujet yako?" Mauwa akauliza.

"Ni ya rafiki," nikasema. "Bwana yake iko mbali."

"Mbali wapi?" Huyo ni Rolande. Rolande hajawahi kuona pazia asilifunue.

"Mbali tu."

"Mbali ya Namur ao mbali ya Brazili?"

Wamama wakakohoa ndani ya vitambaa vyao.

"Rolande, acha," Mauwa akasema. "Roho Mutakatifu anajua adresse. Endelea, maman."

"Kule amepata batu. Ana chorale, ana sikukuu. Bibi yake anabaki kumuangalia ku photo."

"Na kitenge?" Rolande akauliza. Asubuhi ile nilikuwa nimemwonyesha picha, yeye peke yake, nikimwapisha asimwambie mtu.

"Na kitenge," nikajibu.

"Iii!" wakasema wote pamoja. Kumbe wote walikwisha kuiona.

Mauwa akasimama. "Bon. Mambo ya kitenge haiombewe na kukaa. Tusimame. Maman Kahambu, kwa kuwa ni rafiki yako, ongoza weye."

Nilianza vizuri. Nilimshukuru Mungu kwa pumzi, kwa kazi, kwa karatasi za kukaa. Nilisema mapenzi yako yatimizwe. Lakini nilipofumba macho niliona lile gauni, na wivu ukashika ulimi wangu kama dereva anayeshika usukani.

"Bwana, ule muntu wamuchoke! Wale batu wamuchoke wote! Sauti yake ikauke mu chorale! Mikate ya Crispin ikose chumvi! Kila mulango anabisha, usifunguke! Ajue upweke, Bwana, ule upweke miye naujua. Akae peke yake, peke yake kabisa, mupaka akumbuke njia ya nyumbani!"

"Moto!" Rolande akaitikia.

"Akose muntu wa kumuuliza amelala namna gani!"

"Moto juu yake!"

"Amina!"

"Amina!" Salon ikatikisika. Nilikuwa natoka jasho. Na nitaungama yote: nilijisikia vizuri, kama mtu aliyetua mzigo juu ya kichwa cha mwingine.

Mauwa akainama juu ya simu, kama anavyofanya siku zote. "Na ninyi wa ku téléphone, Mungu awabariki. Amina?"

"Amina," ikasema Namur.

"Amina, ba maman," ikasema Lille.

Halafu ikaja sauti ya tatu. Nzito. Ya chini. Basse.

"Amina, Mama Noé."

Rolande alikuwa amekwisha kujitia kipande cha keki ya baada ya maombi mdomoni, kikabaki pale, hakitafunwi wala hakitemwi.

"Modeste?"

"Niliomba Maman Mauwa anitie ndani ya groupe yenu," akasema. "Kwa kuwa huku nimejifunza kuomba. Nilitaka siku moja tuombe pamoja, weye kule, miye huku. Ilikuwa ya kukushangaza."

"Modeste, ngoja..."

"Bon. Nimesikia. Na Mungu amesikia."

Simu ikakatika.

Nikamgeukia Mauwa. "Ulijua!"

"Aliniandikia tangu juzi!" Akainyakua simu yake mezani. "Nilijua ataingia siku moja. Sikujua ni leo. Na weye ulisema ni rafiki!"

"Hata hivyo," Rolande akasema, keki imemshuka, "miye niko na swali moja. Crispin naye alikufanya nini? Ile ya chumvi ilitoka wapi?"

Nilichukua koti langu nikatoka bila kuwaaga.

Modeste hakupokea simu Jumamosi. Jumapili hakupokea. Baada ya misa nilimpigia Crispin, nikijua atapokea tu, mtu wa duka hawezi kuacha simu ilie.

"Mikate yangu iko na chumvi, maman," akasema kabla sijamsalimu.

"Tonton Crispin, nisamehe. Modeste yuko wapi?"

"Uliza batu ba kanisa lake. Miye hanifungulie."

"Hakufungulie namna gani?"

"Nakupa nambari ya Zenaide," akasema, na akanipa, na akakata.

Nambari ya Zenaide. Nilikaa nayo Jumatatu nzima kama mtu aliyepewa nyoka ndani ya bahasha. Niliomba nipate nguvu ya kuipiga, kisha niliomba nipate sababu ya kutoipiga.

Jumanne jioni nilikuwa darasani. Mwalimu wetu, Madame Myriam, alikuwa anatufundisha kununua tiketi ya basi. Nilinyanyua mkono.

"Madame, nataka sentensi moja. Si ya basi."

"Sentensi ya kusema nini?"

"Ya kuuliza kama mtu yuko salama."

Hakuuliza mtu gani. Aliandika ubaoni, akatusomesha wote, watu wazima kwa vijana, mara tatu. Kisha akatupa mapumziko kabla ya saa yake. Mungu ambariki mwanamke yule.

Nikasimama kwenye korido, chini ya makoti ya watu, nikapiga.

"Dona Zenaide? Mimi ni mke wa Modeste."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilipata kelele ya furaha iliyonifanya niondoe simu sikioni.

"Dona Kahambu! Hatimaye! Asante Mungu!" Alikuwa anasema haraka, lakini Kireno changu kinasikia kuliko kinavyosema. "Tumekungoja sana! Chumba chenu tumekipaka rangi. Wewe unapenda buluu, ndivyo alivyotuambia."

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nilikuwa nimeshika sentensi ya Madame Myriam mdomoni, tayari. Sikuitoa. Nilichotoa ni hiki:

"Kwa nini umevaa kitambaa changu?"

"Hakukuambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Alipougua."

Korido ikawa ndefu.

"Homa ya mbu, dengi," akasema. "Alipoanza kupona, moyo ukamsumbua. Tulikaa naye kwa zamu, wanawake wa kanisa. Tulimwogesha, tulimlisha kwa kijiko. Alipopata nguvu alitaka kutulipa, tukakataa. Basi akatoa kitambaa, akakikata mwenyewe kwa mkasi wa Crispin. Kila mtu kipande chake. Wengine wamefanya vilemba. Mjane wa Kiholanzi amefanya foronya. Mimi ni mshonaji, nikapewa pande lililosalia, nikajibana nikapata gauni. Alisema kwenu kitambaa kimoja ni cha watu wa nyumba moja."

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme moyo ulilainika. Ningependa kuwaandikia hivyo, maana nina miaka mingi ndani ya wokovu. Lakini haikuwa hivyo. Wivu ulizidi.

Kila asubuhi nawaogesha baba za watu. Najua namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza. Najua maji ya joto gani, najua kijiko kiingie upande gani wa mdomo. Na mume wangu mwenyewe aliogeshwa na mikono ya wengine, nao walifanya vizuri, na aliwapenda kwa hilo. Ningemkuta na mwanamke kitandani ningejua la kufanya. Hili sikulijua.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema, mke wangu anabeba wagonjwa mchana kutwa, asinibebe na mimi."

Ndipo nikaitoa sentensi ya Madame Myriam. "Yuko salama?"

Sauti yake ikashuka. "Hapana, Dona Kahambu. Tuko mlangoni pake sasa hivi."

"Mlangoni kufanya nini?"

"Jumamosi alisimama mbele yetu kwenye mazoezi ya kwaya. Akasema, 'Mke wangu ameniombea nikae peke yangu, na Mungu amesikia. Nawaomba msinitafute.' Tulidhani ni mzaha. Akaenda kwake akafunga mlango. Chakula tunaleta, hagusi. Na dawa yake ya moyo ninayo mimi, kwa sababu huwa nampelekea kila asubuhi."

Kila asubuhi. Hata pale, mume wangu yuko nyuma ya mlango bila dawa, mimi nilisikia neno hilo kwanza.

"Vunjeni mlango!"

"Crispin amekwenda kumleta fundi. Lakini Modeste anasema mlango ukivunjwa atatoka, atakwenda mahali tusipomjua. Tunaogopa. Wewe ndiye utakayesikilizwa. Naweka simu kwenye ubao wa mlango. Sema naye."

Nikasikia miguu. Nikasikia wanawake wengi wakinong'ona. Halafu kishindo kidogo cha simu kugusa mbao.

"Modeste?"

Nikapandisha sauti.

"Modeste, ni miye. Fungua."

Kikohozi. Cha mbali, kikavu.

"Mama Noé."

"Fungua, papa. Kamata dawa."

"Siwezi. Uliomba."

"Niliomba mubaya!"

"Uliomba kwa nguvu." Alikuwa hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Miaka yote uliomba juu yangu, Kahambu. Sikukuitikia amina hata siku moja. Nilikuwa nakucheka. Ile ya Ijumaa ndiyo ya kwanza niliitikia. Sasa niivunje?"

"Basi niambie nifanye nini."

Akapumua. Nilimsikia anakusanya pumzi kama mtu anayeokota vitu vilivyomwagika.

"Omba ingine. Omba hawa batu wasinichoke. Mumoja mumoja, kwa jina. Wanishike. Omba kama muntu anayewapa bwana yake kwa mukono yake mwenyewe. Anza na Zenaide. Ukimaliza nitasema amina, na nitafungua."

"Modeste, twaa dawa kwanza!"

"Omba kwanza."

Nyuma ya simu wale wanawake wakasogea. Hawajui Kiswahili, lakini jina la Zenaide walilisikia.

Mlango wa darasa ukafunguka. Madame Myriam akanitazama, akaona uso wangu, akaufunga taratibu.

Nikafumba macho. Mimi wa maombi ya Koekelberg. Mimi niliyeombea watu visa zikatoka, matumbo yakafunguka, kesi zikafutwa. Sijawahi kukosa neno mbele za Mungu.

"Bwana," nikasema.

Alikuwa anangoja. Nilisikia pumzi yake kwenye mbao, fupi, fupi, na pumzi hiyo naijua. Ni ile inayonifanya asubuhi kazini nimwite muuguzi mbio.

"Bwana, nakuja mbele yako. Huyu dada, huyu..."

Jina likasimama kooni. Nililiona gauni. Niliona mkono wake ukimpa kikombe cha maji kila asubuhi, dawa juu ya kiganja, na Modeste anacheka kile kicheko cha watu waliozoeana. Nilihitaji kumeza mara moja tu, niseme Zenaide, niendelee. Mara moja tu.

Nyuma ya mlango kitu kizito kikaanguka.

Na aliyepiga kelele jina la mume wangu hakuwa mimi, alikuwa Zenaide.